Kuku wa Twaha

Jumanne, 14 Mei 1991

Nimefagia upande wa kaskazini wa uwanja wa Wembley leo, hapa London. Takataka za mechi ya juzi. Vikombe, karatasi za chipsi, skafu moja nzuri, nimeifua itakuwa ya binti yangu Saida. Uwanja ukiwa mtupu unapendeza kuliko ukijaa. Viti vyote vinakutazama wewe. Juu, mbingu imekatwa duara kama sahani, na ndege za abiria zinaikatiza mojamoja zikienda kutua. Mimi huegemea fagio nikatazama. Msimamizi anafikiri napumzika. Sipumziki. Namngoja Kuku.

Kuku ni ndege. Ndege ya vita ya Yugoslavia, wanaiunda wenyewe bila kumpigia mtu magoti, na mwanangu Twaha yumo. Mtoto wa Chumbageni, Tanga! Serikali ilimpeleka Belgradi kusomea uhandisi. Wenzake wakarudi nyumbani, yeye wakamng'ang'ania. Amenikataza kutaja ndege kwenye simu. Siri, mama, watu wanasikiliza. Basi tunasema kuku. Sijui nani huko Belgradi anajua Kiswahili, lakini mimi mtiifu.

Ijumaa, 17 Mei

Dukani kwa Kantibhai, kununua nazi na bizari. Kantibhai Mhindi wa Mombasa, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Nimefika tu, akapaza sauti: "Mama Twaha! Ndege ya kijana itaruka lini, mimi nikiwa hai?"

Duka zima likageuka. Sikuchukia.

Siri nimeitunza. Nimewaambia watu wa karibu tu. Kantibhai, akina mama wa msikitini, wafagiaji wenzangu, na yule dereva wa basi kwa sababu aliuliza.

Mama Zubeda naye alikuwepo, Mzanzibari huyu, mwanawe ana duka la dawa Tooting, kusini mwa London, na hatupumui kwa hilo. Akasema, "Shoga, ndege gani hiyo haiishi? Hata mimba ya tembo ingekwishazaliwa." Nikamwambia tembo haruki. Wakacheka. Nimeshinda.

Jumapili, 2 Juni

Twaha kapiga. Nikamuuliza, Kuku hajambo? Hajambo, bado wa mti. Wanamchonga kwa mbao, mdogo, halafu wanamtia kwenye chumba kama bomba na kumpulizia upepo waone anavyosimama. Ana mabawa mawili makubwa nyuma na mawili madogo karibu na kichwa. Nikasema kuku wa mabawa manne nani atamweza. Akacheka. Kucheka kwake bado kule kule kwa utotoni, kama mtu anayepaliwa na uji.

Nikalala mchana, nikaota. Kuku kaja Wembley. Mweupe, mkubwa, hana kelele hata kidogo. Kaingia kupitia ile sahani ya mbingu, katua kwenye majani, kakunja mabawa yote manne. Nikateremka ngazi kwa ngazi, na kila kiti nilichokipita kilikuwa na mtu wa kwetu amekaa kimya. Kuku akanilalia mapajani. Joto. Twaha akatoka chini ya bawa, mtoto mdogo, nywele zimejaa unga wa mbao. Nilipoamka kiganja changu bado kilikuwa laini.

Sijamwambia mtu ndoto hii. Hii peke yake.

Jumatano, 26 Juni

KUKU AMECHINJWA!

Kapiga jioni hii. Laini mbaya, sauti inatoka kisimani. "Mama, kuku amechinjwa." Nikauliza nani kamchinja. "Wakubwa. Leo." Halafu simu ikakatika.

Nimekaa chini sakafuni. Kwetu kuku hachinjwi hivi hivi. Anachinjwa mgeni akifika, mtoto akifaulu, neno likitimia. Na wamemchinja wakubwa wenyewe! Hawakutuma mpishi. Ndege imekwisha, wamefanya karamu, na mwanangu kapata heshima yake mezani. Sauti yake ilikuwa chini. Furaha nyingine humkaba mtu.

Nimemwambia Saida. Akajibu kwa Kizungu chake, hilo halionekani sawa, mama. Ana miaka kumi na miwili. Kazaliwa hapa, kuku anamjua wa kwenye friji tu.

Alhamisi, 27 Juni

Kazini nimefagia kama nacheza. Wenzangu wote wanajua. Jumapili, pilau. Kuku halisi.

Jumapili, 30 Juni

Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Pilau limetoka chembe chembe. Mama Zubeda kaja na khanga mpya na uso wa kushindwa. Kantibhai kaleta maboksi ya ladu, madonge matamu ya Kihindi, mkewe nyuma yake.

Katikati ya kula, simu. Twaha! Sikumpa nafasi. Nikaunyanyua mkono wa simu juu nikasema haya, mwenyewe huyu hapa. Wote wakapiga vigelegele. Mama Zubeda ana kifua, madirisha yalitikisika. Akaninyang'anya simu: "Hongera baba! Umetutoa kimasomaso!" Simu ikazunguka, kila mtu na hongera yake.

Ilipofika kwangu nikaibana sikioni. Nasikia pumzi tu.

"Mama, hapo kuna watu?"

"Wamejaa, mwanangu! Wote kwa ajili yako."

"Haya, mama." Kakata.

Nimeosha sufuria. Nimepanga sahani. Ile "haya" haijakaa vizuri.

Jumatatu, 1 Julai

Alipiga mimi nikiwa kazini. Kaongea na dada yake. Nimerudi, Saida kakaa kitandani kwangu, viatu miguuni. Ameniambia kwa Kiswahili ili nielewe. Maskini, Kiswahili chake.

"Mama, kuku kufa. Si karamu. Wao wamestopisha. Hakuna ndege."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nchi inagawanyika, pesa zimekwenda kwenye mapigano, wakubwa wamefunga kazi yote. Michoro imefungiwa. Ile ya mti imefunikwa turubai. Kuchinjwa, alimaanisha kuchinjwa. Na mimi nikampigia vigelegele masikioni.

Saida alimwambia aje London. Kakataa. Kasema, "Mama amewaambia watu wote. Nitaingiaje?"

Naona haya mpaka kwenye nyayo.

Jumamosi, 6 Julai

Televisheni mchana kutwa. Vifaru barabarani, moshi, watu wamebeba magodoro. Ndege zao za zamani zinapita chini chini. Hizo zina mafuta. Hizo zina pesa. Saida anasema mapigano yako mbali na Belgradi. Mbali kiasi gani, hajui.

Napiga, laini zimejaa. Napiga tena.

Siogopi vita sana. Naogopa mwanangu amekaa ndani ya vita kwa kunikwepa mimi.

Nimekwenda kwa Mama Zubeda. Sijavua hata viatu. Nikasema kuku hakuwa wa karamu, ndege imefutwa, sema utakalosema. Nikangoja. Huyu mwanamke angeweza kunila nyama mwaka mzima.

Akasema, "Shoga, kuku tumeshamla. Mtoto yuko wapi?"

Nimelia kwenye khanga yake mpya.

Jumanne, 9 Julai

Simu imepita! Siyo yeye. Mama mwenye nyumba aliyompangisha, mtu mzima kwa sauti yake. Hajui Kiingereza, na changu ni cha ufagio. Neno la kwao ninalolijua ni moja, Twaha alinifundisha: majka. Mama. Nikasema majka, Twaha, majka. Akalia "aaa!" na kumwaga maneno. Nadhani alikuwa ananiambia Twaha hatoki chumbani. Nadhani alisema hali chakula.

Nikataka kumpa ujumbe. Mrefu ulikuwa tayari, nimeupanga tangu juzi, samahani, na ndege si kitu, na watu wameelewa. Utampaje mama huyu ujumbe huo? Nikaukata ukabaki maneno mawili. Nikamwimbisha kama mwalimu wa chekechea.

"Njoo ule."

"Njo ule," akasema.

"Mwambie Twaha. Njoo ule."

"Tvaha. Njo ule. Njo ule." Naye akawa anacheka, au analia, sijui.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna simu. Mvua. Kuku kanijia usingizini, wa mti mtupu, chini ya turubai. Nikainua pembeni kuchungulia, ndani kulikuwa kweupe tu, kama mawinguni.

Alhamisi, 18 Julai

Amekuja.

Muunda ndege kaja kwa basi. Treni mpaka Hungaria, kisha mabasi, kisha meli, kisha basi tena mpaka kituo cha Victoria. Alitupigia kutoka bandarini, sauti ya mtu aliyelala na viatu. Tulikwenda mimi, Saida na Mama Zubeda, aliyesema lazima. Nilimwonya njia nzima: ukipiga vigelegele nitakuziba mdomo.

Kashuka wa mwisho. Ndevu. Begi moja la nguo. Kanitazama kama mtoto aliyevunja kitu. Mama Zubeda ndiye aliyekwenda mbele, akamshika shavu, akauliza polepole, "Umekula, baba?"

Twaha akaanza kucheka. Kule kwa kupaliwa na uji. Anasema asubuhi, mchana, jioni, yule mama alikuwa anasimama mlangoni kwake na sinia, anapiga kelele: Njo ule! Njo ule! Siku ya kwanza alifikiri amerukwa na akili. Siku ya pili akafungua. Akala. Kisha akakunja nguo, akafunga begi.

Kucheka kukageuka kulia, pale pale katikati ya mabegi ya watu. Tukamzunguka na khanga zetu asionekane.

Nimepika maharage ya nazi na wali. Kuku sijamgusa.

Jumapili, 21 Julai

Kantibhai, mdomo hauna breki, kamuuliza Twaha dukani, ile ndege vipi? Twaha akainama. Nikajibu mimi, kwa sauti, duka lisikie. Nikasema taja ndege ya vita yoyote duniani isiyoua mtu. Hakuna. Ipo moja tu, na kaichonga huyu. Haijaua hata nzi.

Twaha akasema, "Mama, jamani." Lakini aliinua kichwa.

Jumatatu, 22 Julai

Nimemwacha amelala sebuleni, miguu imezidi kochi. Saida kamfunika ile skafu ya uwanjani.

Kazini hakuna takataka nyingi. Nimefagia upande wa kaskazini, nikakaa kwenye kiti, jambo ambalo sifanyi. Umande bado uko kwenye majani. Ndege ya abiria ikaingia kwenye sahani ya mbingu, ndogo, inang'aa tumboni, ikavuka taratibu. Nikaifuata kwa macho mpaka ukingo ukaificha.

Hiyo nayo kazi ya mtoto wa mama mwenzangu. Nikampa hongera kimoyomoyo, mama yake, popote alipo.

Kisha nikainuka nikamalizia safu.