Bashi la Matanga na Neno "Kikijua"

CHAMA CHA KUZIKANA CHA MTAA, BUTEMBO

Kikao cha Jumatano, tarehe 10 Oktoba 2001, katika darasa la Mwalimu Mukendi.

Waliohudhuria: Mwalimu Mukendi (Mwenyekiti, mtu wa Kasai, mwalimu wa falsafa), Bwana Muyisa, Bwana Kitsa (dereva), Mama Anne-Marie (mtunza vyombo), Mama Joyeuse, Zorobabel (Katibu).

Aliyekosa: Maliro. Kaka yake, Bwana Muyisa, alitaka jina hilo liwekwe kati ya marehemu. Mke wa Maliro, Mama Joyeuse, alitaka liwekwe kati ya waliochelewa. Katibu ameliacha hapa mpaka wakubwa wapatane.

KUMB. NA. 1/10/2001: OMBI LA BWANA MUYISA

Bwana Muyisa alieleza kwamba mdogo wake Maliro alipeleka maharage Eringeti mwezi wa nane, na amefariki huko. Familia itakaa matanga Jumamosi, hivyo anaomba bashi, lile turubai la kufunika watu, na sufuria za chama. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba shamba la Maliro huko Vuhovi litarudi kwa ukoo, na Joyeuse atarudi kwa baba yake, kule Musienene.

Mama Joyeuse alisema yeye si mjane. Mama Anne-Marie alikumbusha kwamba kwa kifungu cha saba, vyombo vya matanga vinatoka "chama kikijua kwamba mwanachama amefariki".

KUMB. NA. 2/10/2001: MAANA YA KUJUA

Mwenyekiti alifurahi. Mtu aliyefundisha falsafa miaka mingi mbele ya wanafunzi wanaosinzia hapati kifungu kama hicho kila siku. Alieleza kwamba mtu anajua jambo likiwa la kweli, akiliamini, na akiwa na sababu nzuri ya kuliamini. Aliandika yote ubaoni.

Bwana Kitsa alishuhudia kwamba alipita Eringeti akaona maiti kando ya njia, imelala kifudifudi, imevaa koti la Maliro, lile la kijani lenye kiraka mgongoni. Donc, kwa hiyo, anajua. Mama Joyeuse alijibu kwamba kwenye barieri, vile vizuizi vya njiani, askari huwavua watu makoti na kuyavaa wao, na askari nao hufa.

Hapo Mwenyekiti alisimama. Alisema, tuseme maiti ile ni ya askari, lakini Maliro naye amekufa kwingine. Maneno ya Kitsa kwamba Maliro amekufa yangekuwa ya kweli, anayaamini, sababu anayo, mais, yaani lakini, bado hajui kitu. Aliwaomba wajumbe watazame uzuri wa jambo hilo. Wajumbe hawakuuona. Mama Anne-Marie aliuliza kama Mwenyekiti anafurahia msiba, naye akaketi. Iandikwe kwamba aliona haya.

KUMB. NA. 3/10/2001: NENO "KUSIKIA"

Bwana Muyisa alisema hayo ni mambo ya Kasai. Hapa kwetu mtu akiisha kusikia, amejua, na mji mzima umesikia. Mwenyekiti alimwuliza Mama Joyeuse kama naye amesikia. Jibu linaandikwa kama lilivyotoka:

"Masikio ilisikia, Mwalimu. Mais mu mwili, hapana. Bwana yangu akikufa, mi njo nitasikia wa kwanza, hapana Kitsa."

Mwenyekiti aliamua kwamba huko ni kusikia kwa namna nyingine, kwa mwili, na hakumo katika kifungu. Katibu, ambaye mama yake alisikia kifo hivyohivyo mwaka 1998 na hakukosea, aliandika uamuzi huo kwa uchungu.

KUMB. NA. 4/10/2001: UAMUZI

Ilikubaliwa kwamba bashi litoke, kwa kuwa mvua inawanyeshea wanaojua na wasiojua. Sufuria zibaki, maana hakuna anayepika ubishi. Bwana Muyisa alisema ametukanwa.

Mama Joyeuse alisema atakwenda Eringeti kumtafuta mume wake, akamwomba Bwana Kitsa ampeleke kesho. Bwana Kitsa, aliyekuwa akijua kila kitu cha njia ile, alisema hajui kama njia iko wazi. Aliulizwa tena, na bado hakujua. Mama Joyeuse alikaza kitenge chake.

"Mutandike bashi yenu," alisema. "Mi naenda kwa miguu."

Alitoka kabla ya kikao kufungwa.

KUFUNGA

Ilipofika saa kumi na moja jioni hakuna aliyekuwa na la kuongeza. Mama Anne-Marie aliongoza sala. Alimtaja Maliro, kisha Joyeuse, bila kusema kama ni kati ya wazima au kati ya marehemu. Mwenyekiti hakuomba ufafanuzi. Wote waliitika Amina.

Mukendi, Mwenyekiti (sahihi)
Zorobabel, Katibu (sahihi)