Jina la Pale Panapouma

Jumatano, 3 Rajabu 1303
Mwanangu Mardhiya hajala tena. Kajifungua salama, mtoto ananyonya — lakini yeye mwenyewe anaungua homa, mguu wa kulia umevimba, kinena kigumu kama kokwa. Bi Mwajabu mkunga ameshakanda, ameshafukiza. Leo kasema basi, niende kwa yule daktari Mwingereza anayengojea wapagazi hapa Bagamoyo. Niende peke yangu. Mzazi hajatimiza arobaini, haonwi na mwanamume.

Alhamisi, 4 Rajabu
Nimekwenda. Fedha hataki — anataka majina ya mwili! Nikampa utosi, kisogo, kidakatonge. Anaandika, anacheka. Naye akatoa ya kwao, mkalimani wake Mikidadi akafasiri. Msuli wao asili yake kipanya. Eti ukikunja mkono, panya anapita chini ya ngozi. Mikidadi akamuuliza, "Na paka wenu mmemweka wapi, bwana?" Mboni ya jicho nayo kitoto cha kike, cha kuchezea. Ukisogea karibu unajiona humo, mdogo. Nikacheka. Kumbe bado naweza.

Kisha: mwanao anaumwa wapi, bibi? Onyesha mwilini mwako.

Mikidadi ananitazama. Ndugu wa mkwe wangu yule, tumbo moja! Mkono ukashuka, ukapapita pale, ukashika shavu la mguu. Hapa, nikasema.

Kanipa mafuta. Achuliwe, atembezwe.

Ijumaa, 5 Rajabu
Nimechua. Tumemtembeza.

Jumamosi, 6 Rajabu
Ameanguka mlangoni. Mguu nikiufinya hajui. "Mama, ulimwambia ni wapi?" Nikamjibu nimemwambia. Nikaendelea kukunja nguo za mtoto. Sijalia. Ganzi ile ile, kwangu mwili mzima.

Jumapili, 7 Rajabu
Wapagazi wamepatikana, kesho Mzungu anaondoka. Nimekwenda mbio, ushungi mkononi. Nikamwambia Mikidadi, "Baba, nipe mgongo." Akageuka. Nikaweka kidole pale hasa, juu ya nguo. Kinena, nikasema. Tangu mwanzo ni kinena.

Mzungu hakuandika. Kalamu kaiweka chini. Kauliza kama alitembezwa, nikasema ndiyo. Akasema asichuliwe tena, asitembezwe. Halafu akasema lazima amwone mwenyewe, kwa macho na kwa mikono.

Bi Mwajabu kasikia, kapiga kofi. "Mumewe akirudi kutoka bara utamwambia nini, Bi Nunu? Kwamba ulimfungulia Mzungu pazia?"

Sasa Mzungu yuko ukumbini na sanduku lake. Mikidadi amegeukia ukuta, bila kuambiwa. Mardhiya ananitazama tu. Nimeinama karibu. Kweli — nimo humo jichoni, mdogo, nimeshika pazia.

Mzungu anabisha, "Hodi, bibi?" Mara ya pili hii.