Mtani Kwenye Kiti cha Baba

Jumatatu, jioni. Jua la Tabora limetuchoma kutwa nzima na mvua bado inatuzungusha. Lakini moyoni nina raha ambayo sijaipata tangu nianze kuvaa sare hii.

Juzi Jumamosi tulimzika Bibi, mama yake Baba, nyumbani Isevya. Kumkosa kunaniuma, na najua nitalia tena. Leo, hata hivyo, nataka kuandika kuhusu kiti.

Mnaosoma hapa mnajua kwamba baba yangu ni mwanasiasa mkubwa na mimi ni kapteni jeshini. Wengi huona nimepata bahati. Kazi naiweza. Kozi zote nimepita kwa jasho langu, na kombania ninayoiongoza hapa kambini ni nzuri kuliko zote, nasema bila haya. Ila askari wangu hawakuwahi kunitania. Nikiingia bwaloni, mazungumzo yanakatika. Hata Sajini Kondo, ambaye ni Mzaramo, alikuwa akiniona anakaza uso na kuniita afande, basi.

Kwa mtu wa huku, hilo ni jambo zito. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita kwa babu zao. Sajini anawachokoza makoplo wangu wa Kinyamwezi mpaka wanamkimbia. Kwangu mimi, kimya. Alikuwa akimwogopa mzee wangu, nami sikuwa na la kufanya, maana utani hauamrishwi.

Nilitaka kuwa mmoja wao. Ndiyo hivyo tu.

Basi Jumamosi Baba alifika na msafara wa magari. Wasaidizi wake wakamwekea kiti kikubwa mbele kabisa, kimetandikwa kitambaa cheupe. Kabla hajakikalia, akatokea Sajini Kondo, kajifunga kanga ya marehemu kiunoni, akaketi pale na kukunja nne, kama mila inavyomruhusu mtani msibani.

"Bibi hatoki hapa mpaka nipewe jogoo," alisema. "Na wewe Kapteni, unasimama tu kama mlingoti. Niletee maji."

 Vijana wa ulinzi hawakuona mtani, waliona mtu kakalia kiti cha mkubwa wao, wakamshika mikono yote miwili. Msaidizi mmoja wa Baba akanijia na simu mkononi, akaniuliza jina la yule askari. Nilijua maana ya swali lile. Simu moja tu, na Sajini angepoteza cheo chake kwa sababu yangu.

"Anaitwa mtani," nilimjibu. "Mwachieni."

Sikupaza sauti, na wakamwachia. Nikachota maji kwa kikombe cha bati, nikainama mbele ya sajini wangu, Baba akiona na nusu ya kombania iliyokuja kuzika ikiona, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa, akakunja uso, akasema Wanyamwezi hata maji hatujui kuyapoza. Shangazi zangu ndio walioanza kucheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Sitaficha, wakati huo nilikuwa namtazama Baba kwa hofu. Amezoea kupishwa kila anapokwenda. Alisimama kidogo, akavua viatu, akaenda kukaa mkekani na wazee. Sajini akapewa jogoo wake, akainuka, na makaburini hakuna aliyeshika koleo kwa muda mrefu kumshinda yeye.

Wakati wa kuondoka, Baba alimwita Sajini kwenye dirisha la gari. Nilisogea karibu, tayari kumtetea. Baba alikuwa na macho mekundu.

"Siku yangu ikifika," alimwambia, "uje mwenyewe. Usitume mwakilishi."

Kisha gari likaondoka. Nadhani siku ile watu wote walimpokea mheshimiwa, isipokuwa Sajini, aliyempokea mfiwa. Nilimpenda Baba sana pale, na sikumbuki kama nimewahi kumwambia.

Leo asubuhi gwarideni Sajini alinipigia saluti safi kabisa. Halafu, mbele ya kombania nzima, akasema sisi Wanyamwezi tunapiga gwaride kama watu wanaofukuzwa na nyuki. Nikamjibu kwamba heri sisi, maana Mzaramo akisikia ngoma anaacha hata bunduki. Watu walicheka mpaka safu zikapinda. Koplo mmoja, ambaye hajawahi kuniangalia usoni, akachomekea la kwake.

Niliwaacha wamalize. Kisha nikatoa amri, na wakageuka vizuri kuliko siku zote.

Kesho nataka kumuwahi Sajini kabla hajafungua mdomo. Sijui nitamwambia nini, lakini sitalala mpaka nipate la kumtania.