Maharage Mbele ya Mlango

Kigali, 1991

Solange, mtoto wa kaka yangu,

Binti yangu mdogo Keza amechovya kidole kwenye wino sasa hivi, akakibandika juu ya jina lako. Basi hiyo ndiyo salamu yake. Sisi wote tuko wazima.

Umeuliza kama kweli kijiji chetu cha kiwanda cha nguo kilijengwa chote kwa ramani. Ni kweli. Hata mbele ya mlango, ramani ilisema maua. Bibi yako, mama yangu, akapanda maharage.

Msimamizi wa nyumba za kiwanda akaja. "Mama, ng'oa leo, ama mhame!"

Nilikuwa mdogo, nikaanza kukunja mikeka. Bibi yako hakuacha kupalilia. "Bwana, ungoje kidogo. Usipoona maua hapa, nitahama mwenyewe."

Majirani wakacheka, maana maharage nayo hutoa maua, mpaka msimamizi naye akacheka. Maharage yalipochanua, mstari mzima wa nyumba ulikuwa umepanda, na msimamizi akapita bila kung'oa hata mche mmoja.

Sasa mfumaji ni mimi, nyumba ni yangu, na msimamizi mpya anataka tung'oe tena. Jana nimepanda. Ukija likizo utakuta maganda yamejaa, na akisimama mlangoni nitamwambia vilevile: "Bwana, ungoje kidogo." Ee, jirani yangu Mama Aline ananiita, zamu yetu kiwandani inaingia, lakini mimi sing'oi.