Msaada wa Masomo Ulioleta Matanga Uvira

Alby, Stockholm
12 Novemba 2011

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa heshima yote katika jina la Bwana. Umeamkaje? Presha imeshuka? Shemeji Bonheur ameniambia kwamba sasa unakula na umeanza kutoka nje kuota jua. Nimemshukuru Mungu. Huku sisi tu wazima, ila baridi imeingia. Mjukuu wako Olive ameanza shule.

Évariste mwenyewe alikwisha kukupigia kutoka Afghanistan, alikopelekwa na jeshi la huku Sweden, ukasikia sauti yake. Siandiki basi kukuhakikishia kuwa mwanao yu hai. Naandika kwa sababu ulimkalia matanga kwa makosa yangu, na kwenye simu nilishindwa kukueleza, nililia tu.

Unajua tangu nifike huku natamani uuguzi. Nasafisha nyumba ya wazee kule Farsta, na kila nikiwaona wauguzi wakiwahudumia, moyo unanivuta. Nilipokubaliwa chuoni nikaona haya kumtwisha Évariste mzigo mwingine. Nikasema, si kuna misaada ya wake za askari? Kwenye kompyuta ya maktaba nikakuta mfuko unaosomesha "efterlevande" wa wanajeshi. Kwa Kiswidi changu cha kuungaunga nikaelewa: wanaobaki. Nikajiambia, si ndio sisi, tunaobaki nyumbani waume wakienda vitani? Sikumuuliza mtu, nikaomba miadi ofisini kwao.

Siku ya miadi Séraphine, mwenzangu wa kwaya, alinisindikiza, akabaki koridoni. Ndani nilipokelewa na mama mmoja Mswidi wa makamo. Akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana kwa kumpoteza mume wako," akasema.

Mama, hapo ndipo nilipolielewa lile neno. Ni wafiwa. Ningesema palepale kwamba mume wangu yu hai. Lakini kabla sijafungua kinywa, yule mama akaongeza kwamba nisiwe na wasiwasi, nitasomeshwa hadi mwisho. Nami nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Akanikumbatia. Nikakubali kukumbatiwa kama mjane.

Aliponiuliza mume alifia wapi, ulimi ukakataa.

"Hajafa," nikamwambia. "Nisamehe. Yuko hai."

Aliniachia taratibu. Laiti angenigombeza! Alisema tu, "Basi tushukuru," kisha akanieleza kwamba msaada wa masomo wa serikali uko wazi kwa mtu mwenye kibali cha kudumu kama mimi, awe mke wa askari au asiwe na mume kabisa. Kumbe sikuhitaji kubeba jina la Évariste kuingia nalo mle ndani.

Nilitoka nikilia, nikampita Séraphine bila neno, nikapanda treni na kuzima simu kwa aibu. Yeye alikuwa ametuona kupitia kioo tukikumbatiana, na alijua ile ni ofisi ya mambo ya wanajeshi. Angefikiri nini kingine? Jioni kanisa lote lilikuwa likisema Évariste ameanguka vitani, na mwenye ndugu Uvira akapiga simu huko. Simlaumu Séraphine. Simu iliyozimwa ilikuwa yangu.

Nilimweleza Évariste yote, hata ule ukimya wangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Yaani ulifikiria kwanza, kabla ya kusema niko hai," akasema. Halafu akasema, "Mama ndiye aliyenililia. Mwandikie."

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikaomba radhi. Wengine walicheka, wengine waliniombea. Ombi langu kwa serikali limekubaliwa, masomo yanaanza Januari. Olive anarukaruka nyumba nzima. Mimi furaha hainishuki kooni.

Bonheur ameniambia ulinyolewa nywele. Nimejaribu kutafuta maneno ya kuombea radhi kichwa cha mama kilichonyolewa bure, sikuyapata. Tafadhali usinijibu upesi kwa sababu ya upole wako. Kama bado una hasira nami, kaa nayo mpaka iishe yenyewe, nami nitangoja.

Nisalimie Bonheur, baba mdogo Gratien, na wamama wote waliokesha nawe. Waambie nawashukuru kwa machozi yao. Mungu akulaze salama na akuamshe na nguvu, mpaka mwanao arudi umshike kwa mikono yako.

Wako akupendaye, ingawa kwa uso ulioinama,

Mkwe wako,
Hortense