Karatasi ya Pili Sikuisoma

Berea, Durban
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Gloriose,

Unisamehe, salamu zitafuata. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Eddy. Barua yako iliyofika wiki mbili zilizopita sikuisoma yote. Niliisoma nusu, kwa sauti, mbele ya Baba na Mama. Karatasi ya pili niliificha.

Sasa nikusalimie vizuri. Hujambo, Shangazi? Mgongo unaendeleaje? Baridi ya Pennsylvania imekwisha? Na mumeo Bertrand, bado hajapata kazi ya karibu na nyumbani? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu. Eddy amenipita urefu na anajivuna sana. Baba bado yuko kwenye ghala kule Clairwood. Wote tuna afya. Lakini nyumbani si pazuri siku hizi, na mharibifu ni mimi.

Unajua hapa kwetu barua ikija inasomwa baada ya chakula, na msomaji ni mimi. Ulipoeleza kwamba sasa unamtunza bibi mzee wa Waamish, wale Wakristo wanaoishi bila umeme, na simu yao iko kwenye kibanda nje kando ya barabara, Baba alizima televisheni asikie. Nikasoma kwamba kwao mume ndiye kichwa, mke hampingi mbele ya watoto wala wageni, kazi yake ni jiko, bustani na watoto, na kwamba hujawahi kusikia mtu akifoka mle ndani.

"Rudia hapo," Baba akasema. Nikarudia. "Munasikia? Dada yangu iko Amerika, na ukweli bado anauona!"

Eddy akadakia, "Eish, Papa, basi na TV tuitoe? Si wale hawana umeme?"

Mama alicheka, akaziba mdomo na kitenge. Baba hakucheka.

Macho yangu yalikuwa yameshatangulia kwenye karatasi ya pili. Niliona habari ya shamba: bwana wa pale alitaka kuliuza wahamie jimbo lingine, mke akamwambia wakiwa wawili tu kwamba yeye hataki, na yule bwana akaenda kumwambia mnunuzi, "Bado hatujakubaliana." Hakusema mke wangu amekataa. Miaka miwili, na shamba halijauzwa. Niliona pia kwamba siku ya kutafuta mhubiri wanawake nao wanapita mlangoni kumnong'oneza mzee wa kanisa jina wanalolitaka, na linahesabiwa kama la mwanamume. Na chini uliandika, "Kaka yangu, hapa ndipo nilitaka usikilize."

Nikaikunja ile karatasi mkononi. Nikasema, "Imeisha. Anawasalimu wote."

Kwa nini? Baba alikuwa ananitazama kwa furaha, Shangazi. Mimi ambaye darasani nikiulizwa swali sauti inapotea, siku hiyo alikuwa ananiambia rudia, rudia. Niliogopa uso wake utabadilika. Na iko kingine, kibaya zaidi. Tangu Mama apate kiti chake saluni, ugali wa jioni ni mimi, vyombo ni mimi, nguo za Eddy ni mimi. Nilitaka Mama arudi jikoni ili mimi nitoke. Hilo hata kwa Mungu sikulitaja.

Kesho yake Baba alimwambia Mama aache saluni. Nadhani jambo la saluni lilikuwa linamuuma siku nyingi. Kanisani Mzee Niyongabo alishamtania mbele ya watu, "Jean-Bosco, siku hizi ni wewe unasonga ugali?" Watu wakacheka, Baba naye akacheka, lakini kurudi nyumbani alitembea mbele yetu peke yake.

Mama alijibu, "Sawa, Baba Aurélie." Basi, hiyo tu. Miaka minne amesuka pale, kuna wateja wanaomsubiri yeye hata kama viti vingine ni vitupu. Ijumaa hii atampa mwenye saluni jibu la mwisho. Mke wa jirani yetu Peguy anakitaka hicho kiti, na akishakikalia hakirudi tena.

Jumapili ulipopiga simu nilikudanganya kwamba Mama yuko bafuni. Alikuwa amekaa kitandani anafuta vitana vyake, kimoja kimoja. Nilipokata simu akaniambia polepole, "Kama na wifi yangu amesema hivyo, mimi nitasema nini tena?" Shangazi, anadhani ni wewe. Amekukasirikia wewe kwa kosa langu.

Simuni nisingeweza kukueleza, Baba huweka sauti kubwa wote tusikie. Ule mstari nilioukata kwa kalamu hapo juu, usiosomeka tena, nilikuwa nakuomba umpigie Baba umweleze yote, mimi ninyamaze. Nimeukata kwa sababu barua hii itakufikia Ijumaa imeshapita zamani. Wewe huwezi kuniokoa. Tena sijui kama Baba akisikia atabadilika. Anaweza kusema hayo ni ya Waamish, sisi si Waamish. Lakini Mama atajua hukumtupa, na atajibu akiwa anajua.

Msalimie Bertrand, na yule bibi unayemtunza, hata kama hanijui. Mungu akutunze huko ugenini, akupe nguvu za mgongo na usingizi mzuri.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Ni Baba, na leo wamekutana njiani na Mama, nasikia anamuuliza kama mkate umenunuliwa. Kwa kawaida sasa hivi ningekuwa nimeshafunika kila kitu kwa kitabu cha shule. Karatasi yako ya pili iko wazi mezani, mahali Baba anapokaa, na hii yangu iko pembeni yake. Siziondoi wala sizifuniki. Ufunguo umeingia mlangoni. Nitasimama, nitasema, "Baba, keti. Kuna sehemu sikuisoma."

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukuomba msamaha,

Aurélie