Pini za Bibi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku ni wazima, ila nyumba nzima imenuna, na aliyeinunisha ni mimi.

Najua Shangazi ameshakupigia simu kwamba Bibi akili zimemruka, na kwamba ukubali cherehani yake iuzwe kabla hajajidhuru. Baba, usikubali.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akishona, pini tano kazibana menoni, na bado anamsengenya mteja aliyetoka sasa hivi? Tangu ang'olewe meno hana pa kuzibana. Anaziweka popote, kisha anazitafuta. Chakula chake uji. Wateja wakija anafunika mdomo kwa kiganja na kujibu kwa kichwa. Shangazi anasema huko ndiko kuchanganyikiwa. Mimi nimejibu watu kwa kichwa maisha yangu yote, mbona hakuna aliyetaka kuuza madaftari yangu?

Nilikwenda na Bibi na Shangazi kwa daktari wa meno, nikawatafsiria Kiingereza chake. Alisema wazee waliopoteza meno mengi mara nyingi huonekana kupungukiwa na kumbukumbu pia, ingawa kipi kinavuta kingine bado hakijulikani vizuri. Lakini waliowekewa meno ya bandia huonekana kuwa na nafuu, kwa hiyo Bibi asikae hivihivi. Shangazi alisikia nusu ya kwanza tu, akasema basi imethibitishwa. Bibi akamjibu, kwa mapengo yake yote, kwamba kama kusahau ni ugonjwa, yeye Shangazi atibiwe kwanza, maana sufuria aliyoazima mwaka juzi hajairudisha.

Sikufichi, Bibi anasahau. Jana kaniita kwa jina lako mara mbili.

Lakini kuna jambo lazima nikiri. Ile pini iliyomchoma mwalimu mkuu mguuni mbele ya shule nzima, iliyoanzisha maneno yote haya, haikuachwa na Bibi. Pindo la sketi yake nililishona mimi, Bibi akiwa amejilaza. Shangazi alipofoka, nilitazama sakafu. Bibi alinitazama mimi, kisha akasema ni yeye. Baba, alikumbuka vizuri kabisa ni nani aliyeishona.

Leo nimesema ukweli mbele ya wateja. Shangazi anasema mnunuzi anakuja Jumamosi hata hivyo. Na aje. Mkanda wa cherehani nimeuficha, na sisemi ulipo mpaka Bibi awe na meno mdomoni. Jumatatu nampeleka mwenyewe kupimwa fizi.

Bibi anakusalimu. Anasema utafune vizuri, wewe uliyejaliwa.

Ni mimi mwanao,
niliyeshona ile sketi.